Nimeacha pombe, mbona bado najidharau?

Ni mwezi wa tatu sijagusa pombe. Mbona bado najiona si kitu?

Pole, na hongera. Pombe ilikuwa ikikusahaulisha; sasa akili imetulia na mambo yanarudi moja moja: karo ya mtoto iliyoishia mangweni, simu za mama ulizokuwa ukizikata. Mwili nao una sehemu yake, kwani usingizi mbovu na huzuni huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hata miezi. Huzuni ikizidi, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Heshima yangu nitaipataje tena?

Kwa ahadi ndogo unayoweza kuitimiza leo. Viapo vikubwa umeshavila vingi, na mwenyewe huviamini tena.

Namkumbuka fundi wa baiskeli aliyekuwa na deni la shilingi 3,000 dukani. Kila Jumamosi alipeleka 300, akasimama pale kaunta mpaka mwenye duka afungue daftari na kupiga mstari. Wiki ya sita, yule mama alimwambia, "Hebu nishikie duka, nikaswali adhuhuri." Alipotusimulia, alirudia mara mbili: "Aliniachia droo ya pesa." Deni lilikuwa bado halijaisha. Lakini kwa wiki sita mfululizo alikuwa amefanya alichosema atafanya, na hilo alilijua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mke wangu bado ananinusa mdomo nikirudi. Nakereka.

Mwache anuse. Ameahidiwa mara ngapi, akaamka usiku kukufungulia mlango ukiwa hujiwezi? Imani yake itarudi kwa mwendo wake, na wewe usingoje mpaka siku hiyo ndipo ujithamini. Hata hivyo, kutubu hakukulazimishi kutukanwa mbele ya watoto. Likifika hapo, mwombeni mzee mnayemheshimu wote wawili, au mshauri nasaha, akae nanyi.

Nikiteleza nikanywa, kazi yote imepotea?

Hapana. Uraibu ni ugonjwa unaoweza kurudi, kama presha inavyopanda tena kwa mtu anayetumia dawa. Hatari iko kwenye aibu ya kesho yake: "Nimeshaharibu, basi ninywe tu." Siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kisha kumbuka ilikuwaje: njaa, hasira, au siku ya mshahara?

Ila ukiwa umerudia kunywa sana kila siku, usikate ghafla ukiwa peke yako. Kutetemeka huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Hospitali wana dawa za kukuvusha, pamoja na vitamini B1. Kenya unaweza pia kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Marafiki wananiita nikakae nao tu, ninywe soda.

Miezi hii ya mwanzo, usiende. Sema "siku hizi situmii," basi, wala si lazima ueleze sababu. Wanaokupenda watakufuata nyumbani kwa chai.