Dodoma si tembo

Panda basi la kwenda Dodoma, hukosi abiria anayemwambia mwenzake kwamba "Dodoma" kwa Kigogo ni tembo. Sivyo, na Wagogo wanastahili neno lao lisomwe sawasawa.

Jina limetokana na idodomya, yaani "imezama". Liweke karibu na "didimia" ya Kiswahili, usikie yanavyofanana. Tembo aliingia kwa njia ya simulizi: alikwenda kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope, akazidi kwenda chini, na walioshuhudia wakatamka neno hilo. Simulizi tamu, ila neno lenyewe linataja kuzama tu. Aliyezama halimtaji.

Iko nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, isiyo na tembo hata mmoja. Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia. Wenye mifugo walipofika kuulizia, wakaonyeshwa mikia imechomoza topeni: ng'ombe wenu ndio hao, wamezama. Mnyama amebadilika, kitenzi ni kilekile.

Ile "i" ya mwanzo ilidondoka, na "mya" ya mwisho ikawa "ma". Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, jina lilikuwa limeshazoeleka hivyo: Dodoma.