"Gein ni 290": dhana potofu kuhusu karenti ya besi na saturesheni ya transista

Kwa ile baridi ya Julai kijana mmoja wa Kasarani alinibebea inkubeta yake hadi kwa kibanda, akaniambia fundi, hii mashine mchana iko sawa kabisa lakini ikifika saa tisa usiku rilei inakataa kuvuta, mayai yanapoa, na trei moja ishaharibika. Kufungua, ndani kuna ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayotoa amri), transista moja ya BC547, rilei ya bluu ya volti 5 (swichi inayovutwa na koili) na rizista ya 10k, yaani omu elfu kumi, kwa besi, ule mguu wa transista unaopokea amri. Nikamuuliza hiyo 10k umeitoa wapi. Akasema alipima gein, yaani karenti ya kolekta ni mara ngapi ya ile ya besi, na multimita ikasoma 290, koili inakula kama miliampea 70, akagawanya akaona robo miliampea inatosha. Kugawanya aligawanya vizuri. Shida ni kile alichoamini kabla hajagawanya, na hicho kitu nakiona karibu kila wiki ndo maana naandika.

Dhana: gein ni namba ya transista, ukishaipima umemaliza.

Ukweli ni kwamba hiyo namba haitulii. BC547B kwa datashiti, karatasi ya mtengenezaji, inapewa kati ya 200 na 450, na hapo ni kwa miliampea 2 za kolekta na volti 5 kati ya kolekta na emita, ile miguu miwili ambayo karenti ya mzigo inapita. Sasa chukua hiyo hiyo uipeleke miliampea 70, gein inashuka. Transista ikipoa, inashuka tena. Na zile multimita za bei rahisi tunazonunua Luthuli Avenue hapa Nairobi zinapima na karenti kidogo sana ya besi, kama maikroampea 10, huku transista imeachiwa karibu volti 3 juu yake, yaani imepimwa ikiwa na nafasi ya kupumua. Wewe kwa rilei unataka ibaki na volti 0.2 tu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Nikapima mashine ya kijana ikiwa imewashwa. Pini inatoa volti 3.3, besi inakula 0.7, zinabaki 2.6 kwa 10k, hiyo ni miliampea 0.26. Kati ya kolekta na emita nikapata volti 1.4! Ina maana koili inapata 3.6 peke yake, na rilei za aina hiyo zinataka asilimia 75 ya volti yake ndo zivute kwa uhakika, yaani 3.75. Ona vile imekaa pembeni kabisa. Mchana bodi ikipata joto gein inapanda kidogo, koili inafika kama 3.9 au 4, rilei inavuta. Usiku inarudi chini, inakataa. Kijana alikuwa amebadilisha rilei mara mbili na pawa saplai mara moja, na hizo zote hazikuwa na makosa.

Ukitumia transista kama swichi, gein ya datashiti weka kando. Chukua karenti ya mzigo, gawanya kwa 10, au kwa 20 ukibanwa, hiyo ndo karenti ya kupeleka besi. Hiyo 10 sijaitoa kichwani, angalia datashiti yenyewe pale wanapoandika volti ya saturesheni, ile inayobaki juu ya transista ikiwa imefunguka mpaka mwisho: 2N2222A wanaipima na miliampea 150 za kolekta na 15 za besi, BC547 wanaipima na 100 kwa 5. Wenye kuitengeneza wenyewe hawategemei gein hapo. Nikatoa 10k nikaweka ya omu 470, besi ikapata miliampea 5 na kitu, volti ya kolekta ikashuka hadi 0.16. Rilei ikapiga "tak" moja safi. Hakikisha pia una dayodi ya 1N4007, ile inayopitisha karenti upande mmoja tu, juu ya koili, ikiwa imegeuzwa, maana koili ikizimwa inarudisha teke la volti linaloweza kuua hiyo transista.

Dhana: ukiongeza karenti ya besi, karenti ya kolekta inaongezeka tu.

Hapa fikiria mfereji wa nyumbani. Unaufungua kidogo, maji yanaongezeka. Unaufungua zaidi, yanaongezeka. Halafu inafika mahali unazungusha na maji ni yale yale, maana sasa kinachozuia ni paipu kutoka kwa tangi. Saturesheni ndo hapo. Koili ya omu 70 kwa volti 5 haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 71 hata umwagie besi namna gani, mzigo ndo unaamua. Hiyo besi ya ziada inafanya kazi moja, kuhakikisha mfereji umefunguka mpaka mwisho hata usiku wa baridi, hata ukibadilisha transista na nyingine yenye gein ndogo. Ukizidisha sana unachosha pini bure, na transista inachelewa kuzima kwa sababu chaji iliyojaa kwa besi lazima itoke kwanza. Kwa rilei hautaona, kwa kitu kinachozima na kuwaka mara laki moja kwa sekunde utaona.

Dhana: transista ikisachureti inapata moto, so ifungue nusu nusu kuilinda.

Hii inaniuma kwa sababu inachoma vitu vya watu. Ni kinyume kabisa. Joto ni volti iliyo juu ya transista mara karenti. Chukua mzigo wa omu 40 kwa volti 12, ambao unataka miliampea 300. Ukiulisha nusu nusu upite miliampea 200, mzigo unachukua volti 8, transista inabaki na 4, hiyo ni wati 0.8, na PN2222A ya plastiki mwisho wake ni wati 0.625. Kidole hakikai hapo. Ifungue yote, hata tukisema inabaki na nusu volti, ni wati 0.15.

Lakini kumbuka miliampea 300 zinataka kama 30 kwa besi, na hizo sizitoi kwa pini ya ESP32. Hapo weka transista mbili au mosfeti (transista inayofunguliwa na volti, si karenti) inayofunguka vizuri na volti 3.3.

Kuunga besi moja kwa moja kwa pini bila rizista, usifanye. Besi na emita ni dayodi, ikifika 0.7 inameza kila kitu pini iko nacho.

Na mwisho kuna wale wanaweka NPN, aina ya transista kama hii BC547, juu, mzigo upande wa emita, halafu wanashangaa mota ya volti 12 inazunguka kivivu. Emita inafuata besi ikiwa chini kwa 0.7, so ukiwa na volti 5 kwa besi mzigo utapata 4.3 na hakuna rizista ya besi itakayobadilisha hiyo. Shusha transista chini ya mzigo, emita iende graundi, ama kama lazima ikae juu tafuta PNP, ile aina ya kinyume, na NPN ndogo ya kuivuta.