Hoja ya Haki Ilivyokosa Kura: Ujumbe wa Kampeni za Ndoa za Jinsia Moja Marekani

Ukiuliza hapa Mtwara kampeni za ndoa za jinsia moja zilishindaje kwenye kura huko Marekani, wengi watakujibu: pesa. Pesa zilikuwepo kweli, tena pande zote mbili. California mwaka 2008 watetezi wa ndoa hizo walitumia mamilioni ya dola na bado wakaangushwa. Pendekezo Namba 8, lililozipiga marufuku, lilipita kwa asilimia 52.

Kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke, na makala haya hayaingii kwenye mjadala huo. Yanahusu ufundi wa ujumbe, na anayepanda gari la matangazo kuhamasisha chanjo Newala anauhitaji sawasawa na mwanasiasa wa California.

Watetezi walihubiri haki: usawa mbele ya sheria, urithi, bima, ruhusa ya kumwona mwenza aliyelazwa. Wapinzani wao wakarusha tangazo moja fupi. Binti mdogo anarudi kutoka shule na kitabu mkononi, anamwambia mama yake kwa furaha kwamba amejifunza mwanamfalme alivyooa mwanamfalme, na kwamba yeye naye anaweza kuoa binti mfalme. Mama anabaki ameduwaa. Tangazo lile halikugusa hoja ya haki hata moja. Liligusa swali ambalo mzazi alikuwa nalo tayari kichwani: mwanangu atafundishwa nini?

Baada ya kushindwa, watafiti waliwarudia wapigakura waliokuwa hawajaamua. Wakawauliza, watu kama ninyi mnaoana kwa nini? Kwa sababu ya upendo na kuahidiana maisha, walisema. Na wapenzi wa jinsia moja wanataka ndoa kwa nini? Hapo wengi wakataja haki na mafao. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha habari yote: miaka yote ile matangazo ya watetezi yalikuwa yakiwathibitishia wasikilizaji kwamba hawa wanatafuta kitu kingine, si ndoa wanayoijua wao.

Shirika la watetezi la Freedom to Marry, chini ya mwanzilishi wake Evan Wolfson, likageuza ujumbe kuelekea upendo na ahadi. Wasemaji nao wakabadilika. Badala ya wanasheria, wakaonekana mababu na mabibi waliodumu kwenye ndoa, wachungaji, wazazi wanaomzungumzia mtoto wao, na baadhi yao walikiri kwamba iliwachukua muda kubadili mawazo. Jimbo la Maine ni kipimo kizuri, maana lilipiga kura mara mbili. Mwaka 2009 takriban asilimia 53 walizikataa ndoa hizo. Mwaka 2012 takriban asilimia 53 wakazikubali. Tusiupe ujumbe sifa zote, lakini. Mwaka 2012 ulikuwa wa uchaguzi wa rais, waliojitokeza walikuwa wengi zaidi, na mwezi Mei Barack Obama alikuwa ametangaza hadharani kuziunga mkono.

Sasa tazama vipeperushi vya kupinga kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa bei ya kutupa kabla ya msimu nje ya mnada, vinavyogawiwa vijijini kwetu. Karibu vyote vinamwambia mkulima atapunjwa. Anajua! Hakuna mkulima wa Tandahimba asiyejua kwamba bei ya kangomba ni ya kuonewa. Anauza korosho zikiwa bado mtini kwa sababu ndani hamna unga, mtoto anadaiwa michango ya shule, na minada haifunguliwi mpaka Oktoba. Swali lake ni hela ataipata lini, na kipeperushi kinamjibu atapata kiasi gani. Tena anayekileta ni ofisa aliyeshuka kwenye gari, mwenye mshahara kila mwisho wa mwezi.

Kama AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ina utaratibu wa mkopo mdogo wa kumvusha hadi msimu, huo ndio uandikwe juu kabisa, na usemwe na jirani aliyewahi kuutumia. Kama haina, kuchapa vipeperushi vingine ni kupoteza karatasi. Mazungumzo yaanzie kwenye mkutano wa chama.