"Ngoja hiki cha kwanza kiuze" na maneno mengine yanayonichosha

Wiki hii nimeisikia tena. Mwandishi kamaliza kitabu chake cha kwanza, mswada umeshahaririwa, kava liko tayari, namuuliza swali langu la siku zote, "cha pili kinahusu nini?" Ananiangalia kama nimemuuliza jina la mjukuu wakati mtoto mwenyewe hajazaliwa. "Dada, ngoja hiki kwanza kiuze, tuone soko linasemaje, ndo nianze kufikiria kingine."

Mimi ni mhariri, wateja wangu karibu wote ni watu wanaojichapishia wenyewe, na hiyo sentensi imeua vitabu vingi kuliko kava baya na wino hafifu vikijumlishwa. Kwa hiyo leo naanza nayo, zingine nitazimaliza harakaharaka.

Dhana: cha kwanza kikiuza ndo kitalipia cha pili

Mara nyingi ni kinyume, cha pili ndo kinakuja kukiuza cha kwanza. Hebu mfikirie msomaji aliyemaliza kitabu chako saa sita usiku, kakipenda, usingizi umekata, simu iko mkononi. Huyo ndo mteja rahisi kuliko wote utakaowahi kumpata, hujamlipia tangazo, hujambembeleza, anakutafuta yeye. Anafungua ukurasa wa mwisho anakuta neno MWISHO na picha yako umevaa suti. Basi. Kesho anaenda kwa mwandishi mwingine, na wewe ukija kutoka na cha pili baada ya miaka minne inabidi umtafute upya kama mgeni, na safari hii unalipia.

Tupige hesabu, namba ni za mfano tu, weka sarafu unayotaka. Tuseme kila nakala inakuachia faida ya 2, na kumpata msomaji mmoja mpya kwa matangazo kunakula 3. Ukiwa na kitabu kimoja, wasomaji 100 wanakuingizia 200 na wamekugharimu 300, yaani kadiri unavyotangaza ndivyo unavyozama, halafu watu wanasema matangazo hayafanyi kazi. Sasa weka vitabu vitatu. Nusu ya wale 100 wakaenda cha pili, nusu ya hao wakaenda cha tatu, umeuza nakala 175, faida 350, na tangazo ni lile lile la 300. Hujabadilisha tangazo, hujabadilisha bei, umeongeza tu mahali pa msomaji kwenda.

Na sio mambo ya juzi haya. Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, baada ya wachapishaji kumkatalia hadithi yake ya sungura, aliiprinti kwa pesa yake Desemba 1901, nakala 250. Kampuni ya Warne ikaja kuichukua na kuitoa Oktoba 1902. Unadhani alikaa kusubiri soko liseme? Desemba ya mwaka huo huo wa 1902 alishaprinti kingine mwenyewe, nakala 500! Mwishowe vikafika zaidi ya 20, vidogo vidogo hivi, vya umbo moja, mtu akipenda kimoja anakijua ndugu yake kwa macho tu.

Na hapo kwenye umbo ndo wengi wanaponiudhi, maana kuna maamuzi ukishayafanya kwenye kitabu cha kwanza umeshaviamulia vyote vinavyofuata: saizi ya kitabu, fonti ya jina lako, hilo jina lenyewe unaliandikaje, jina la baba liwepo au lisiwepo. Mtu anatoa cha kwanza kwa A5 (milimita 148 kwa 210), cha pili anakuta saizi nyingine imempendeza, ukivisimamisha kwenye shelfu vinaonekana kama havijuani.

Kwa wa hadithi kuna jambo lingine, daftari la wahusika. Daftari la kawaida tu: nani ana miaka mingapi, nani kovu lake liko mkono gani, nani ni mtoto wa nani, nani ameshakufa. Msinicheke, nimeshapokea mswada wa kitabu cha pili ambao shangazi tuliyemzika sura ya 9 ya kitabu cha kwanza anapiga simu kuuliza hali. Mwandishi ananiambia "aah nilisahau." Msomaji hasahau!

Simwambii mtu aandike vitatu kwa mpigo, mnanisingizia. Ninachotaka ni karatasi moja kabla cha kwanza hakijatoka: jina la muda la cha pili, sentensi tano kinahusu nini, na tarehe ya kumaliza rasimu, halafu ukurasa wa mwisho wa cha kwanza useme kinachokuja na mtu aache wapi barua pepe yake. Kama unaandika vitabu vya maarifa ni rahisi zaidi, swali ambalo kitabu chako kinamwachia msomaji ndo kitabu kinachofuata. Na tarehe ya kutoka usiitangaze mpaka mswada umekamilika, hata kama jukwaa linakuruhusu, maana KDP, jukwaa la Amazon la kujichapishia, inakuachia kufungua oda za mapema za kitabu cha kidijitali hadi mwaka mzima kabla, na watu wanaichukua hiyo nafasi kama vile mwaka hauishi.

Haya, tuendelee na zingine.

"Nina ISBN kwa hiyo nina hakimiliki." Hapana. ISBN ni namba ya kukitambua kitabu dukani na maktaba, imekuwa na tarakimu 13 tangu Januari 2007, na haimlindi mtu na chochote. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, bila kusajili popote, kwa nchi zote zilizo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa mwaka 1886 huo. Inalinda maneno yako, wazo halilindwi, kwa hiyo yule anayegoma kumwonyesha mhariri mswada kwa kuogopa kuibiwa wazo, sijui anataka nihariri nini. Toleo la karatasi na la kidijitali kila moja na namba yake, na ile ya bure unayopewa na jukwaa mara nyingi inabaki hapo hapo jukwaani, huondoki nayo.

"Nikiprinti nyingi kila nakala inakuwa rahisi." Kila nakala, ndiyo. Jumla uliyotoa mfukoni je? Na makosa ya ukurasa wa 3 sasa yako kwenye nakala 2,000 chini ya kitanda. Printi kwa oda kwanza, yaani nakala inaprintiwa mtu akishainunua, kosa likionekana unabadilisha faili.

"Programu itanihariria." Programu ikiona "alimfuta mpaka mlangoni" inapita kimya, maana kufuta ni neno halali. Ulitaka "alimfuata". Ndo maana nipo.

"Nimepata mchapishaji, anataka tu nilipie kidogo." Hii inanitia huruma kuliko hasira. Mchapishaji hununua haki kwako na kukulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Ukimlipa wewe, huyo ni mtoa huduma, na sio dhambi, mimi mwenyewe nalipwa, ila mtoa huduma hachukui haki zako. Mkataba usome wote, hasa kifungu kinachosema kitabu chako kijacho lazima umpelekee yeye kwanza. Kile ambacho ulisema hujaanza kukifikiria, mwenzako ameshakifikiria.

Na ukimlipa mdizaina, dai faili la kazi lenyewe na majina ya fonti, usikubali kuishia na picha ya kava tu. Mwaka juzi mwandishi mmoja alirudi na kitabu cha pili, mdizaina kabadilisha namba, hapatikani, tukakaa jioni mbili tunakuza kava la kwanza kwenye skrini tukilinganisha mkia wa herufi g na fonti moja moja mpaka tukaipata.