Nusu lita inayojificha kwenye kanga

Mazoezi ya dharura ya mama kutokwa damu baada ya kujifungua naanza na kanga, mdoli baadaye. Napima mililita 500 za maji ya rangi nyekundu, namwagia kanga mbili zilizokunjwa, kisha nawauliza wakunga: mama huyu amepoteza kiasi gani? Wengi hutaja pungufu, maana kanga hunywa damu kimyakimya. Ndiyo faida ya mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaotandikwa chini ya makalio. Katika utafiti wa E-MOTIVE uliotangazwa 2023, kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mfuko huo pamoja na tiba zinazotolewa kwa mkupuo badala ya moja moja ulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

Kisha mmoja wao anavaa tumboni MamaNatalie, mdoli wa mazoezi wenye mfuko wa uzazi na damu ya bandia. Yeye ndiye anayefungua damu, na ndiye anayekaza au kulegeza mfuko wa uzazi. Ukiwa umelegea, anayeukanda anahisi donge la unga wa chapati. Namwagiza mvaaji asifunge damu kwa huruma. Mara nyingi najaza kibofu bila kusema: watakanda mpaka mikono ichoke, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, imeshaingia, damu bado inatoka, kwa sababu kibofu kilichojaa hakiruhusu mfuko wa uzazi ukaze. Atakayekumbuka mpira wa mkojo ndiye atakayeifunga damu.

Traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ina mitego yake. Dozi ni gramu 1, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Chupa ikiwa ya miligramu 500, ni mbili, na kuna wanaovuta moja tu. Wengine wanaisukuma yote kwa pumzi moja, presha ishuke. Kwa hiyo saa ya ukutani tunaiangalia kweli: mililita 10, dakika 10, mililita moja kila dakika. Inachosha, lakini mkono unazoea.

“Jamani, mtu alete dripu!” Hapo haji mtu. Mtaje: “Sista Rehema, weka kanula namba 16, uniambie ikishaingia.” Naye ajibu kwa sauti.

Mazoezi haya yafanyieni leba kwenyewe, na kabati lenu lenyewe, hata dakika 15 kwa wiki. Ukumbi wa hoteli hauonyeshi ufunguo wa kabati uko kwa nani. Chupa za maji yanayotumika badala ya dawa ziandikwe MAZOEZI, zihesabiwe kabla na baada, na hata moja isibaki leba.