Umepata Mlimani, Muhimbili na Dodoma: uthibitishe wapi?

Majina ya udahili yakishatoka, swali la vijana wa Tanga huwa lile lile: nimechaguliwa vyuo vitatu, vyote vikubwa, niende wapi? Wapo wenye UDSM (Mlimani), MUHAS (Muhimbili) na UDOM (Dodoma) mkononi, wapo wenye SUA (Sokoine, Morogoro) na Chuo Kikuu Ardhi. Kuchaguliwa kwingi ni neema, ila dirisha la kuthibitisha ni la siku chache na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haimsubiri mtu amalize vikao vya familia.

Kwa hiyo kabla ya kujadili chuo, hakikisha namba ya siri ya kuthibitishia iko mikononi mwako. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba hiyo kwa ujumbe mfupi au baruapepe, kwa mawasiliano yale yale aliyojaza wakati wa kuomba. Ukishaipata, unaingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo unachokitaka, siyo ya chuo kingine, na kuiingiza humo. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu hahitaji kuthibitisha, kwa hiyo asihangaike kuisubiri. Kinachokwamisha wengi ni jambo dogo: fomu ilijazwa steshenari pale Ngamiani, ikawekwa namba ya simu ya mwenye duka au ya kaka ambaye siku hizi yuko machimboni, na baruapepe ilifunguliwa na kijana wa kompyuta ambaye nywila yake ameshaisahau. Kama ujumbe haujafika, ingia kwenye akaunti uombe utumiwe tena. Ikishindikana, piga simu ofisi ya udahili ya chuo siku hiyo hiyo. Siku ya mwisho mtandao huelemewa, nawe utabaki unatazama ukurasa usiofunguka.

Sasa uchaguzi wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba unathibitisha programu kwanza, chuo baadaye. Najua mjomba atasema, "Mtoto wetu yuko Mlimani," na hilo lina utamu wake barazani. Lakini ukiwa na udaktari Dodoma na shahada ya ualimu wa sayansi Mlimani, na moyo wako uko hospitalini, jina la Mlimani halitakupeleka wodini. Wengi hujipa moyo kwamba watahamia kozi wanayoitaka wakishaingia. Kuhama kunataka uwe na sifa za programu unayoiendea na nafasi iwepo, na programu zinazogombewa ndizo zinazojaa mapema.

Soma Mwongozo wa Udahili wa TCU, mstari wa programu yako: inachukua watu wangapi, inachukua miaka mingapi. Udaktari ni miaka 5, na juu yake mwaka 1 wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uhandisi ni miaka 4, kisha njia ya kawaida ya kufika kwenye usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni miaka 3 ya mafunzo chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Majina ya programu mpya mpya huvutia sana masikioni. Kabla ya kuthibitisha yenye jina usilolizoea, iulize bodi ya taaluma husika kama inawasajili wahitimu wake, na kwa cheo gani.

Ikiwa programu ni ile ile vyuo vyote, hapo ndipo vyuo vyenyewe vilinganishwe. Kwa udaktari, mimi hutazama hospitali kuliko madarasa. MUHAS wana Muhimbili, pamoja na taasisi za mifupa na moyo zilizo hapo hapo, na hospitali ya Mloganzila. UDOM hutumia Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanaosomea udaktari Moshi wako ndani ya hospitali ya KCMC, wa Mwanza ndani ya hospitali ya Bugando. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne swali moja: kwenye raundi ya wodi mnasimama wangapi kwa mgonjwa mmoja? Kundi likiwa kubwa mno, wa nyuma huondoka hajashika tumbo la mgonjwa. Hospitali kubwa ina wagonjwa wa kila aina, lakini pia ina wanafunzi wengi na madaktari wanaosomea ubingwa, nao wote wanamtaka mgonjwa huyo huyo. Hospitali yenye jina dogo inaweza kukupa mikono zaidi. Kwa uhandisi swali ni la maabara: mashine ngapi zinafanya kazi leo, na mafunzo kwa vitendo ya likizo chuo kinakutafutia au unajitafutia.

Pesa. Hapa mzazi akae karibu. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, bumu kwa lugha ya wanafunzi, ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa siku 60. Tuseme umekosa hosteli Dar na umepata chumba cha 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai miezi 6, hiyo ni 480,000. Zinabaki 120,000 za siku 60, yaani 2,000 kwa siku: kula, nauli, vocha. Na bumu la kwanza haliji kabla hujasajiliwa na kusaini, kwa hiyo mwezi wa kwanza ni wa mfuko wa nyumbani. Hapo ndipo Dodoma, yenye mabweni mengi ndani ya chuo, inapowashinda wakubwa wa Dar kwa familia yenye kipato kidogo.

Fomu ya kujiunga isome hadi ukurasa wa mwisho. Mbali na ada utakuta 20,000 ya TCU ya uthibiti ubora, 50,400 ya bima ya afya ya NHIF kama huna nyingine, amana ya tahadhari, na mchango wa serikali ya wanafunzi. Ada yenyewe Bodi huweza kuilipa kwa asilimia tu, kulingana na uhitaji wako, na kwenye vyuo binafsi vya udaktari pengo hilo huwa kubwa. Zidisha pengo kwa miaka 5 kabla ya kufurahia barua. Mwenye jina kwenye Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali, hana hesabu hii, mradi programu yake ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba.

Umbali usiupe uzito mkubwa. Kutoka Tanga ukifika Segera, kushoto ni Chalinze na Dar, kulia ni Korogwe, Same na Moshi, na safari zote mbili ni za siku moja. Mwanza ndiyo nyingine kabisa, hasa kwa mtoto atakayetaka kurudi kila likizo.

Jambo moja la haraka kuhusu mkopo: Bodi hupanga fedha kwa chuo ulichothibitisha. Ukichelewa kuthibitisha, jina lako huchelewa kupangiwa. Ukihama baadaye, fedha nazo zinapaswa kuhamishwa, na wakati zinahama wewe unadaiwa ada ya muhula. Baada ya kuthibitisha, ingia SIPA, akaunti yako ya Bodi ya Mikopo, uangalie chuo kilichoandikwa pale ni kile kile.