Kiungo cha Kuingilia Mfumoni na Swali la Nani Amekifungua

Katika mifumo ya kuweka nafasi ninayozitengenezea nyumba za wageni za Paje na Nungwi, nimeacha kuwadai watumiaji nywila, kwa sababu kompyuta ya mapokezi hushikwa na watu wa zamu mbalimbali na nywila yake haichelewi kubandikwa ukutani. Mtumiaji huandika anwani yake ya barua pepe, na mfumo humpelekea kiungo cha kuingilia mara moja tu.

Ndani ya kiungo mna tokeni (msimbo wa siri) ya nasibu isiyopungua biti 128, ambayo haikisiki. Kwenye hifadhidata naweka hashi yake ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutokana nayo, isiyorudishika kuwa tokeni), si tokeni yenyewe, na baada ya dakika 15 haifai tena. Hayo ni ya kawaida.

Linalosahauliwa ni kwamba anayekifungua kiungo si lazima awe mwenyewe. Mifumo ya ulinzi wa barua pepe za ofisini huvitembelea viungo ili kuvikagua kabla ya mwenyewe kuusoma ujumbe, na ikiwa ombi la GET, yaani lile la kufungua ukurasa tu, peke yake linatosha kumwingiza mtu, mkaguzi ndiye atakayeimaliza tokeni, kisha meneja ataambiwa kuwa kiungo chake kimeshatumika. Mkaguzi hana kosa: kanuni za HTTP, yaani za mawasiliano ya kivinjari na seva, zilizotolewa upya mwaka 2022 katika waraka wa RFC 9110, zinaihesabu GET kuwa ni ombi la kusoma tu. Kwa hiyo kiungo changu hufungua ukurasa wenye kitufe cha "Ingia", na tokeni hutumika pale tu kitufe hicho kinapopeleka ombi la POST, yaani lile la kutuma taarifa.

Lipo pia la binadamu. Meneja aliyeko Chake Chake huweza kukirusha kiungo kwenye kundi la WhatsApp, naye haoni ubaya wowote. Ndiyo maana kivinjari kilichoomba kiungo hupewa kuki (alama ndogo inayohifadhiwa ndani ya kivinjari hicho), na tokeni haikubaliwi bila ya kuki hiyo. Anayeomba kwenye kompyuta akafungua barua kwenye simu hukwama, na malalamiko yake nayasikia sana, lakini nimekataa njia ya kubonyeza kwenye simu ili kompyuta ijifungue, kwani mwizi naye anaweza kuomba kiungo kwa anwani yako, ukabonyeza kwa mazoea, ikafunguka kompyuta yake.

Kuki haimzuii meneja kumsaidia kwa hiari kijana wa mapokezi aingie kwa jina la meneja. Dawa yake ni kila mtu kuwa na akaunti yake.

Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017, SP 800-63B, ulikataa barua pepe isitumike kama njia ya pembeni (njia ya pili ya mawasiliano, tofauti na ile anayoingilia) ya kumthibitisha mtu, nami katika kurasa za kuwarejeshea wageni fedha naufuata: kiungo hakitoshi, hudaiwa pia namba ya programu ya uthibitisho iliyomo kwenye simu ya meneja.